Pweza wangu mdogo ameacha kula na amejifungia kwa mawe: ni maji, shaba, uzee au mayai?

Sinza Kioo (mleta mada), Jumamosi, saa 2:40 usiku

Habari za jioni wakuu.

Nina tangi la kioo la lita 240 sebuleni kwangu Sinza, ambalo kwa miaka miwili lilikuwa la samaki wa maji baridi, kisha mwezi wa sita mwaka huu nikaliosha na kulijaza maji ya bahari. Siku kumi baadaye nilinunua pweza mdogo kwa kijana mmoja pale Kunduchi, akiwa amejikunja ndani ya ndoo ya rangi, kwa shilingi elfu tano. Kiwiliwili chake hakikuzidi ukubwa wa limau. Kwa wiki saba amekuwa burudani ya nyumba nzima: anakula kaa wadogo na kamba hai, ananisogelea kwenye kioo nikirudi kazini, na mara mbili amemrushia maji mke wangu, ambaye tangu siku hiyo humwita "mpangaji".

Sasa ni siku ya sita hajala chochote. Amekusanya mawe na magamba mbele ya chungu kilichovunjika anamoishi, akaacha tundu linalotosha jicho moja tu. Rangi yake iliyokuwa ya hudhurungi yenye madoadoa imepauka hadi kufanana na uji. Kamba watatu niliowatia juzi wanapita mbele ya mlango wake bila wasiwasi wowote. Naomba kujua kutoka kwa watu waliowahi kumfuga au wanaomjua vizuri: hii ni njaa, ugonjwa, maji mabaya, au ndiyo tabia yake?

Supu Moto, Jumamosi, saa 2:52 usiku

Mkuu, mimi ninamjua vizuri sana, ila huwa tunakutana akiwa tayari sufuriani. Siku utakayokata tamaa usimtupe; jioni nyingi napatikana Coco Beach.

Neema M., Jumamosi, saa 3:05 usiku

Mleta mada, kabla hatujaanza kuagua, tupe vipimo. Joto la maji ni nyuzi ngapi alasiri? Chumvi umepima kwa kifaa gani na imesoma ngapi? Amonia na nitriti, zile sumu zinazotokana na uchafu wa mnyama, zikoje? Taa inawaka kwa saa ngapi? Na je, tangi lina kifuniko kinachofungwa kweli au umeweka kioo juu tu?

La mwisho nauliza kwa uchungu. Nilimfuga mmoja kwa miezi minne, Mbezi Beach, na kifuniko changu kilikuwa na upenyo wa kupitisha waya wa pampu, upana wa vidole viwili hivi. Asubuhi moja nilimkuta nyuma ya jokofu, amekauka, amejaa vumbi kama kitambaa cha kudekia. Kitu kigumu katika mwili wake ni mdomo ule unaofanana na wa kasuku, kwa hiyo palipopita mdomo na mwenyewe atapita.

Mtani wa Jadi, Jumamosi, saa 3:20 usiku

Nilisoma kuhusu yule wa Australia aliyetoroka kwenye hifadhi ya samaki usiku, akapita kwenye bomba la maji machafu hadi baharini. Huyo wako labda amejifungia akichora ramani ya kufika Msasani.

Mwalimu wa Baiolojia, Jumamosi, saa 3:31 usiku

Ndugu Mtani, yule hakuwa Australia bali New Zealand, katika mji wa Napier, na habari zake zilitoka mwaka 2016. Aliitwa Inky. Bomba lenyewe halikuwa la maji machafu. Lilikuwa la kutolea maji, lenye urefu wa mita 50 hivi, linaloishia baharini. Kutoka Sinza hakuna bomba la namna hiyo, kwa hiyo mke wa mleta mada alale kwa amani.

Sinza Kioo, Jumamosi, saa 4:10 usiku

Nashukuru kwa majibu ya haraka. Dada Neema, kifuniko nimekibana kwa klipu nne na juu yake nimeweka matofali mawili. Joto saa tisa alasiri lilikuwa nyuzi 29. Taa inawaka tangu ninaporudi kazini, saa moja jioni, hadi saa tano usiku. Amonia na nitriti sina cha kupimia. Haidromita, kile kifaa cha kupimia chumvi, imo mahali fulani humu ndani, ninaitafuta. Maji yakipungua kwa mvuke huwa naongeza maji ya bahari, dumu moja kila baada ya siku mbili au tatu, kwa hiyo naamini chumvi haina shida.

Neema M., Jumamosi, saa 4:14 usiku

Kaka, hebu rudia kusoma sentensi yako ya mwisho polepole.

Maji yanapopanda kuwa mvuke, chumvi haiondoki nayo. Inabaki tangini. Ukifidia kwa maji ya bahari umeongeza chumvi juu ya chumvi, na umefanya hivyo kwa wiki saba. Cha kufidia ni maji baridi yasiyo na klorini. Maji ya bahari ni ya kubadilishia sehemu ya maji uliyoyatoa. Itafute hiyo haidromita usiku huu huu.

Sinza Kioo, Jumamosi, saa 5:02 usiku

Nimeipata kwenye droo ya vijiko. Imesoma 1.030.

Neema M., Jumamosi, saa 5:05 usiku

Inatakiwa iwe kati ya 1.023 na 1.026. Jibu lako hilo hapo. Lakini usikurupuke kumwaga ndoo za maji ya bomba usiku huu, kwa sababu kushusha ghafla ni hatari kuliko hali aliyomo. Toa lita tano, weka lita tano za maji baridi yaliyolala wazi siku nzima au yaliyotiwa dawa ya kuondoa klorini, subiri kesho, kisha rudia.

Fundi Koki, Jumapili, saa 12:48 asubuhi

Dada Neema amesema vyema, ila mimi si mtu wa samaki, ni mtu wa mabomba, na mtu wa mabomba huanza kwa kuuliza viungio. Ndugu mleta mada, kati ya pampu yako na kichujio kuna koki au kiungio chochote cha rangi ya dhahabu? Wengi hununua vile vya shaba ya njano kwa sababu ni imara kuliko vya plastiki. Maji ya chumvi huvila polepole, na shaba inayeyukia humo humo. Ninaye mteja Upanga aliyepoteza konokono wake wote wa baharini ndani ya mwezi mmoja, na tulipofungua kiungio tulikikuta kijani kama majani ya mgomba.

Sinza Kioo, Jumapili, saa 2:15 asubuhi

Fundi, kiungio kipo. Ni kimoja, na kweli kina ukoko wa kijani pembeni. Nilidhani ni mwani.

Mtani wa Jadi, Jumapili, saa 2:30 asubuhi

Naomba kuelimishwa hapo. Shuleni tulifundishwa kwamba damu ya pweza ni ya buluu kwa sababu ina shaba badala ya chuma. Sasa iweje shaba imdhuru kiumbe ambaye mwenyewe ameumbwa kwa shaba, na ana mioyo minane ya kuisukuma?

Mwalimu wa Baiolojia, Jumapili, saa 3:02 asubuhi

Mioyo ni mitatu. Minane ni mikono. Miwili husukuma damu kwenye mashavu anayopumulia, na mmoja huisambaza mwilini.

Kuhusu shaba, swali lako ni zuri. Shaba iliyo katika damu yake imefungwa ndani ya protini iitwayo hemosianini, ambayo kazi yake ni kubeba oksijeni. Shaba inayoyeyuka majini iko huru, inaingia kwenye mashavu na kuvuruga kazi za chembe hai. Wewe pia una chuma damuni, lakini ukimeza misumari hutapata nguvu. Ndiyo maana dawa nyingi za ugonjwa wa madoa meupe wa samaki, zilizotengenezwa kwa shaba, haziruhusiwi kabisa kwenye tangi lenye pweza, kaa au kamba.

Daktari wa Kuku, Jumapili, saa 3:40 asubuhi

Mwalimu ameweka mwenyewe hoja inayoiangusha nadharia ya Fundi. Shaba ni sumu kwa kamba pia, na mleta mada ametuambia kwamba kamba watatu wako hai na wanatamba. Ikiwa maji yana shaba ya kumwangusha pweza, kamba wangekuwa wametangulia.

Mimi ninatilia shaka maji machanga. Tangi lilioshwa, likajazwa, na siku kumi baadaye akaingia mnyama anayekula nyama na kuchafua maji kuliko samaki wa ukubwa wake. Bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitriti, na nitriti kuwa nitrati, huhitaji takriban wiki nne hadi sita kujijenga. Hata kwenye mabanda ya kuku, amonia huanza kwa kuondoa hamu ya kula.

Fundi Koki, Jumapili, saa 3:55 asubuhi

Daktari, kamba hao wametiwa juzi. Pweza ameoga shaba kwa wiki saba, kamba kwa siku mbili. Mtu aliyeanza kuvuta sigara jana hawezi kuwa ushahidi kwamba sigara haina madhara. Na kwa hesabu hiyo hiyo, kama ni amonia, mbona pweza hakuugua wiki ya pili na ya tatu, wakati bakteria hawajajijenga, akasubiri hadi wiki ya saba wakati tayari wapo?

Supu Moto, Jumapili, saa 4:01 asubuhi

Fundi amemjibu Daktari wa Kuku kwa mabomba. Naomba kiti.

Bi Mwamba, Jumapili, saa 7:20 mchana

Asalaam aleikum. Mimi nimezaliwa Mafia, nikakulia kwenye mwamba na mama yangu, bamvua kwa bamvua, maji yakikupwa tunashuka na vijiti vyetu. Nyinyi mnazungumza haidromita na amonia, hayo siyajui. Nitauliza ninayoyajua.

La kwanza, mwanangu, pweza huyo amekua kiasi gani tangu umnunue? Pweza wetu wa mwambani hukua upesi mno. Ndiyo maana watu wa Songosongo, Mafia kwetu, na kule Kisiwa Panza Pemba wakawa wanafunga mwamba kwa miezi mitatu hivi, kisha wanaufungua na kukuta pweza wa kujaza mkono. Kama wako alikuwa limau wiki saba zilizopita na leo bado ni limau, ama umemlaza njaa ama huyo si yule tunayemjua.

La pili, anatembea saa ngapi? Pweza mkubwa wa mwambani ni wa mchana, hasa asubuhi na jioni. Wako wadogo ambao mchana huwaoni kabisa, wanatoka usiku.

La tatu, na ndilo kubwa. Tukikuta tundu limezibwa kwa mawe kutoka ndani na pweza amepauka wala hashiki kijiti, mama alikuwa anasema, "Mwache huyo, analea." Jike akishataga hali tena. Anayatunga mayai juu kwenye dari ya pango lake, kama punje za mchele kwenye uzi, anayapuliza maji na kuyapangusa hadi yaanguliwe, kisha anakufa.

Sinza Kioo, Jumapili, saa 8:05 mchana

Shikamoo mama. Amekua kidogo tu, tuseme kutoka limau hadi chungwa dogo. Na kweli mchana sijawahi kumwona akitembea. Narudi nyumbani saa moja jioni na ndipo huwa anatoka. Kamba hupungua kati ya saa tano usiku na alfajiri. Nilidhani mchana analala kwa sababu nyumba haina watu.

Bi Mwamba, Jumapili, saa 8:30 mchana

Marahaba mwanangu. Basi wako ni katika wale wadogo wa usiku, na kwa umbo lake anaweza kuwa mtu mzima kabisa.

Mwalimu wa Baiolojia, Jumapili, saa 9:12 alasiri

Bi Mwamba ametupa njia ambayo sisi wa vitabu tuliisahau. Majike wa aina kubwa ya mwambani, ambaye jina lake la kitaalamu ni *Octopus cyanea*, hawakomai wakiwa na ukubwa wa chungwa. Hukomaa wakiwa wakubwa zaidi ya hapo. Kwa hiyo nadharia ya mayai inasimama tu ikiwa huyu ni wa aina ndogo.

Kuhusu kuacha kula, jambo hilo lina kiini chake mwilini. Nyuma ya macho kuna tezi mbili, na mwaka 1977 mtafiti Jerome Wodinsky alichapisha matokeo ya kuwatoa tezi hizo majike waliokuwa wamekwisha taga. Waliyaacha mayai, wakarudia kula na wakaishi muda mrefu kuliko wenzao. Yaani njaa ile haitokani na kukosa chakula wala na maji mabaya. Mwili wenyewe umeamrishwa kufunga mlango.

Ila naomba tusisahau kwamba madume nao huzeeka hivyo hivyo: huacha kula, hupauka na ngozi hupata vidonda vyeupe. Kuna namna ya kutofautisha. Dume ana mkono mmoja, wa tatu kuliani ukihesabu kutoka mbele, ambao ncha yake haina vinyonyeo. Ni laini, kama kijiko kidogo mno. Mleta mada, umewahi kuuona?

Sinza Kioo, Jumapili, saa 9:40 alasiri

Mwalimu, mikono yake haikai kwa mpangilio wa kuhesabika. Nikifika wa nne, wa kwanza umehamia nyuma.

Bi Mwamba, Jumapili, saa 9:44 alasiri

Hiyo inaitwa minyiri, mwanangu, si mikono. Mikono unayo wewe.

Mzee Ngalawa, Jumapili, saa 12:30 jioni

Nimesoma uzi wote. Miaka thelathini nimevua kutoka Kunduchi hadi Ras Kutani, na nina maneno mawili.

Neno la kwanza ni kwa mleta mada, na usinichukie. Kanuni za Uvuvi za mwaka 2009 zinakataza kumvua au kumuuza pweza aliye chini ya gramu 500. Limau haina gramu 500. Yule kijana wa ndoo ya rangi alijua, ndiyo maana alikuwa na ndoo na si beseni sokoni. Na kama alimtoa Mbudya au Bongoyo, hiyo ni kesi nyingine, maana visiwa hivyo ni maeneo tengefu pamoja na Pangavini na Fungu Yasini.

Neno la pili: pweza kuziba mlango kwa mawe si dalili ya mayai peke yake. Huziba kila anapolala, na huziba zaidi akimwona adui. Ndani ya tangi lako kuna samaki gani mwingine?

Sinza Kioo, Jumapili, saa 1:15 usiku

Shikamoo mzee. Kuhusu kanuni, sikujua, na ninakubali kosa. Kuhusu samaki mwingine, kuna chewa mmoja mdogo, hajafika urefu wa kidole. Nilimtia siku nane zilizopita.

Neema M., Jumapili, saa 1:17 usiku

Chewa!

Daktari wa Kuku, Jumapili, saa 1:21 usiku

Siku nane zilizopita akaingia chewa. Siku sita zilizopita pweza akaacha kula. Na tumejadili shaba, chumvi na damu ya buluu tangu jana usiku, mkuu, nawe umekaa kimya na chewa wako.

Supu Moto, Jumapili, saa 1:25 usiku

Umejipalia makaa mwenyewe kama pweza anayechomwa. Sasa hesabu ya supu imekuwa ya sahani mbili.

Mzee Ngalawa, Jumapili, saa 1:50 usiku

Marahaba. Chewa wa kidole hawezi kumla pweza wa chungwa, lakini pweza hajui hesabu ya mwaka huu. Anajua hesabu ya bahari, na baharini chewa na mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka, ndio wanaomvizia mlangoni. Mtoe huyo samaki leo.

Sinza Kioo, Jumapili, saa 3:30 usiku

Nimemhamishia kwenye beseni lenye pampu ya hewa. Kiungio cha shaba nimekitoa pia, nimeweka cha plastiki. Chumvi imesoma 1.029.

Mtani wa Jadi, Jumatatu, saa 2:10 asubuhi

Swali la kizushi kidogo, lakini lina uhusiano. Yule pweza wa Ujerumani aliyetabiri Kombe la Dunia mwaka 2010 aliishi miaka mingapi? Akipona huyu wa Sinza, nina makopo mawili, moja la Simba na moja la Yanga.

Mwalimu wa Baiolojia, Jumatatu, saa 4:00 asubuhi

Paul aliishi takriban miaka miwili na nusu. Alianguliwa Weymouth, Uingereza, mwaka 2008 na akafa Oberhausen mwezi wa kumi mwaka 2010, miezi michache baada ya kupatia mechi zote nane alizopewa. Lakini yule alikuwa wa maji ya ubaridi, ambayo huchelewesha mambo yote, kukua na kuzeeka. Aina zetu za maji ya joto, hata yule mkubwa wa mwambani, umri wao ni mwaka mmoja na ushei. Aina ndogo huweza kuwa pungufu ya hapo. Yaani mleta mada alipomnunua, pengine alinunua nusu ya pili ya maisha yake.

Neema M., Jumatatu, saa 4:35 asubuhi

Hapo Mwalimu ameligusa jambo ninalolirudia kila mara. Nyuzi 29 wakati huu wa kusi, ambapo bahari yetu yenyewe inakaribia 25, maana yake tangi linamzeesha haraka na pia lina oksijeni kidogo. Feni ndogo ikipuliza juu ya maji hushusha nyuzi mbili, na chupa ya maji yaliyoganda huongezea hapo. Ila feni huongeza mvuke, na mvuke tumeona unavyopandisha chumvi.

Jambo lingine ni taa. Hifadhi moja ya samaki ya Coburg, Ujerumani, mwaka 2008 ilikuwa ikizimikiwa umeme usiku bila kuelewa sababu, mpaka wakagundua kwamba pweza wao, Otto, alikuwa akirusha maji kwenye taa iliyomkera juu ya tangi. Huyu wa Sinza ni wa usiku, na saa zake za kutembea ndizo unazomwashia taa. Alimrushia maji mke wako au taa iliyokuwa juu ya kichwa chake?

Sinza Kioo, Jumatatu, saa 2:20 usiku

Mke wangu amesoma hapa na anasema kwamba amefarijika. Kweli, mara zote mbili alikuwa amesimama chini ya taa.

Tangu jana nimeizima kabisa. Hali haijabadilika. Chewa hayupo, shaba haipo, chumvi leo ni 1.028, joto 27 kwa feni. Leo niliazima kipimo cha amonia kwa jirani mwenye bwawa la sato. Amonia imesoma sifuri.

Daktari wa Kuku, Jumatatu, saa 2:41 usiku

Sifuri ya leo haisemi chochote kuhusu wiki iliyopita, hasa kwa kuwa umekuwa ukibadilisha maji tangu Jumamosi usiku. Na kipimo cha bwawa la maji baridi si kila mara kinasoma sawasawa kwenye maji ya chumvi. Siiachi nadharia yangu bado.

Fundi Koki, Jumatatu, saa 2:50 usiku

Wala mimi yangu. Kutoa kiungio kumezuia shaba mpya, lakini iliyokwisha kuingia bado imo kwenye mawe na mchanga.

Kimyakimya, Jumanne, saa 1:05 asubuhi

Ninasoma tu siku zote, leo naomba kuchangia. Je, kuna mtu nyumbani, au jirani wa dirishani, anayepuliza dawa ya mbu? Niliwahi kuua kamba wangu wote kwa mpulizo mmoja wa chumbani, na pampu ya hewa ndiyo iliyoivuta dawa ikaipeleka majini.

Sinza Kioo, Jumanne, saa 1:30 asubuhi

Tunapuliza chumbani, sebuleni hapana. Lakini mlango huwa wazi.

Mzee Ngalawa, Jumanne, saa 3:00 asubuhi

Ushauri wangu ni kumrudisha. Keshokutwa mwezi unaandama, maji yatakupwa sana asubuhi. Mpeleke mwambani, umwache kwenye tundu.

Bi Mwamba, Jumanne, saa 3:22 asubuhi

Kaka Ngalawa, kwa heshima zote, akiwa analea na ukamtoa katika chungu umeua yeye na mayai. Na akiwa mzee asiye na nguvu, mkunga atamkuta kabla maji hayajajaa. Kwanza ajue ni nini. Ipo njia ya kuchungulia bila kubomoa mlango: wao taa nyekundu haiwasumbui sana. Watoto wetu hufunga karatasi nyekundu kwenye tochi.

Mwalimu wa Baiolojia, Jumanne, saa 3:40 asubuhi

Ni kweli, macho yake hayaoni vizuri upande wa mwanga mwekundu. Mchungulie usiku wa manane. Tazama dari ya chungu, na ukiweza, tazama ncha ya ule mkono wa tatu wa kulia. Samahani, mnyiri.

Sinza Kioo, Jumatano, saa 11:15 alfajiri

Wakuu, nimekaa mbele ya tangi tangu saa nane usiku, simu imefungwa karatasi nyekundu ya kufungia zawadi. Ninaandika niliyoyaona, bila kutafsiri.

Saa tisa kasoro, jiwe moja la mlango lilisogea. Mnyiri mmoja ulitoka taratibu, ukapapasa magamba moja baada ya jingine kama mtu anayetafuta ufunguo gizani, ukachagua gamba la chaza na kuliziba pale jiwe lilipotoka. Kisha nikamteremsha kaa mdogo kwa uzi hadi mlangoni. Mnyiri ukamgusa, ukakaa juu ya gamba lake kwa muda wa kuhesabu kumi, halafu ukamsukuma mbali. Haukumpiga, ulimsogeza tu, kama unavyosogeza sahani ukiwa umeshiba. Baadaye alifungua kidogo upande wa kushoto na kupuliza maji nje, na vumbi lote la mchanga likaondoka mlangoni. Dari ya chungu sikuweza kuiona kwa sababu mwili wake umeifunika.

Nilijitahidi kuhesabu. Kwa nyakati tofauti niliona ncha saba, na zote zilikuwa na vinyonyeo hadi mwisho.

Daktari wa Kuku, Jumatano, saa 12:02 asubuhi

Mgonjwa wa amonia hapangi magamba kwa ustadi huo. Ninalegeza msimamo kidogo, siuachi.

Fundi Koki, Jumatano, saa 12:20 asubuhi

Kumsukuma kaa ni kukosa hamu ya kula, na kukosa hamu ya kula ndiyo hali tuliyoanza nayo Jumamosi.

Bi Mwamba, Jumatano, saa 12:45 asubuhi

Umeona saba. Wa nane ulikuwa wapi muda wote huo, mwanangu, na ulikuwa umeshika nini?

Sinza Kioo, Jumatano, saa 12:50 asubuhi

Ulikuwa juu, mama, umeshikilia darini. Haukushuka hata mara moja. Ncha yake sikuiona.